Asidi ya Manjano

Juu ya meza niandikiapo, nyumbani kwangu Eldoret, kipo kipande cha bomba chenye urefu wa kidole cha kati na rangi ya jivu lililonyeshewa, ambacho ukikielekeza dirishani waona mwanga ukipenya katika vitundu vitatu visivyozidi ukubwa wa mbegu ya ufuta. Wajukuu zangu hukipuliza kama siwa, na wageni wakikiinua hustaajabu kwamba kitu cha madini chaweza kuwa chepesi vile. Ni titani. Kilikuwa sehemu ya koili ya kupashia moto katika kiwanda kimoja cha nguo mjini humu, na aliyekiharibu ni mimi, si kwa uvivu wala kwa uzembe, bali kwa bidii. Na kwa kuwa taksiri ya mtu mwenye bidii ni ngumu kuiungama kuliko ya mvivu, nimechelewa miaka mingi kuiandika.

Nilipanda bara mwaka 1978 nikitoka Mombasa, kijana mwenye cheti cha ufundi wa mitambo na sanduku moja la bati, nikifuata kazi katika mji ambao wazee walikuwa wangali wakiuita Sikisti-Foo, kwa sababu posta yake ya mwaka 1910 ilijengwa katika shamba lililopewa nambari 64 kwenye ramani ya walowezi, na wenyeji Wakalenjini wakaigeuza nambari hiyo kwa ulimi wao ikawa Sisibo. Mimi nilizaliwa katika nyumba iliyoitazama bahari, ambako kitasa kipya hushika kutu kabla mwenye nyumba hajauzoea ufunguo wake, na ambako marehemu baba alikuwa na desturi ya kupaka mafuta kila bawaba ya nyumba kabla ya kusi kuanza kuvuma. Huku juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, niliona misumari iliyosahauliwa nje ya banda la mahindi ikitoka katika msimu mzima wa mvua na haya kidogo tu usoni. Nikadhani kwamba kutu nimeiacha Pwani pamoja na joto na mbu, na kwamba tangu siku ile swali la fundi litakuwa moja tu, nalo ni hili: kitu hiki kina nguvu kiasi gani?

Kiwanda kilifuma vitambaa vya pamba iliyochanganywa na poliesta. Kitambaa kitokacho kwenye mitambo ya kufumia huwa na rangi ya maziwa yaliyolala, hivyo sharti kipaushwe kabla hakijatiwa rangi, na dawa yetu ya kupaushia ilikuwa kloraiti ya sodi iliyotiwa asidi kidogo ikapashwa moto, ambayo hutoa gesi ya rangi ya manjano, yenye kukaba koo, isiyo na huruma kwa madini aghalabu yote. Stenlesi, hata ile bora itiwayo molibdeni, ilitobolewa vitundu ikawa kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Koili za stenlesi tulizihesabu kwa miezi. Ndipo wakubwa, baada ya kulalamika sana juu ya bei, walipokubali kuagiza koili ya titani safi, ya daraja ambalo watengenezaji huliita la pili. Ikaja katika sanduku la mbao, nami nikatumwa pamoja na vijana watatu kuipakua. Tulijiandaa kwa mzigo mzito, tukainua kwa pamoja, nusura tuirushe darini. Titani ina uzito wa takriban gramu 4.5 kwa kila sentimita ya ujazo, ilhali stenlesi ina kama gramu 8. Nilichukua tupa nikaikwaruza pembeni ili nihakikishe kwamba hatukuuziwa alumini. Kisha nikaigusisha kwenye jiwe la kunolea, zikaruka cheche nyeupe pe, kali kama za fataki, ambazo alumini haitoi kamwe.

Koili ile ilikaa katika dawa mwaka wa kwanza, na wa pili, na wa tatu, na tulipoitoa kuikagua ilikuwa kama tulivyoitia. Kilichotusumbua zikawa bolti. Bolti nazo zilikuwa za titani safi, na titani safi ni laini: ukikaza sana uzi wake hunyooka, na ukikaza kidogo dawa huvuja, tena ina tabia mbaya ya kung'ang'aniana yenyewe kwa yenyewe, nati ikagandamana na bolti kana kwamba zimelehemiwa, usiitoe ila kwa msumeno. Ghururi yangu ilianzia hapo. Nilikuwa nimesoma katika jarida la ufundi habari za ile aloi mashuhuri yenye alumini asilimia 6 na vanadi asilimia 4, inayotumiwa katika injini za ndege, na hesabu yake ilinilevya. Waya wa titani safi ya daraja la pili, wenye eneo la milimita moja ya mraba, huanza kunyooka bila kurudi unapotundikwa mzigo wa kilo 28 hivi. Waya kama huo wa aloi hustahimili kilo 84. Kwa lugha ya dukani, wa kwanza haubebi mfuko mmoja wa saruji, na wa pili unabeba mfuko mmoja na nusu. Nani angesikia hayo asiulize kwa nini tusijenge kila kitu kwa aloi?

Zikaagizwa fimbo za aloi, nikazikereza mwenyewe kwenye mashine, polepole na kwa maji mengi, maana ni madini yachukiayo haraka. Nikatengeneza bolti, tukapaka grisi maalumu kwenye uzi, zikakaa barabara. Fundi mkuu wetu, mzee wa Kinandi aliyeniita "Mombasa" mpaka siku aliyostaafu, alinipongeza mbele ya watu, na pongezi ile ikanifanya nivuke mpaka. Nikapendekeza koili ijayo iwe ya aloi pia. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho, akazungusha fimbo mkononi, akasema, "Mombasa, bolti ni bolti, bomba ni bomba." Sikumwelewa. Nilipata kipande cha bomba la aloi kwa muuzaji mmoja wa vyuma chakavu Nairobi, nikakiweka kwenye kigezo cha kupindia. Kikakataa, nikaongeza nguvu, kikarudi mahali pake kama upinde. Nikaongeza tena, kikalia kama kijiti kikavu na kuvunjika. Nikajaribu njia ya kuunga vipande kwa kulehemu. Kwa bahati mbaya titani ikiwa ya moto hunywa hewa kama mtu aliyetoka kufunga anywavyo maji, na kila hewa inayoingia huigeuza kuwa kavu na yenye kuvunjika. Rangi ya mahali palipolehemiwa ndiyo hutoa siri. Ikiwa ya fedha, gesi ya agoni imelinda kazi. Ikiwa ya majani makavu, yavumilika. Ikiwa ya buluu, wasiwasi. Na ikiwa ya kijivu yenye unga mweupe, tupa. Kazi yangu ilikuwa nzuri kuitazama, buluu ya zambarau kama shingo ya njiwa, nami nikaenda kumwonyesha mzee. Aliigonga mara moja na nyundo ndogo, ikawa vipande viwili.

Siku hizo sikuwa nimetambua jambo ambalo sasa naliona wazi, kwamba nguvu ya madini ni sifa inayojionyesha mara moja, mbele ya macho, kwa nyundo au kwa mzigo, na kwa hiyo huwapendeza vijana na wakubwa wa fedha. Ama ustahimilivu wa kuliwa haujionyeshi, wenyewe ni kutotokea kwa jambo, na fundi aliyechagua vema hana cha kumwonyesha mtu ila bomba lile lile la mwaka jana.

Sasa nifike kwenye asidi. Maji yetu yaliacha magamba ya chokaa juu ya koili, na magamba yakizidi moto haupenyi. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi tulilijaza pipa asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa, tukaipasha moto, tukaiacha usiku kucha. Asidi hiyo tulinunua ya bei rahisi, ya manjano kama chai ya rangi iliyozidishwa maji, na iliingia pipani kupitia bomba kuukuu la chuma ambalo kila likifunguliwa lilitema kwanza mate mekundu ya kutu. Uchafu huo ulinikera. Mwaka 1986, nilipokabidhiwa idara ile baada ya mzee kustaafu, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kung'oa bomba la kutu na kuweka la plastiki, na ya pili ilikuwa kukataa asidi ya manjano na kuagiza ile safi, nyeupe kama maji ya mvua, ambayo bei yake nilimshawishi mhasibu aikubali kwa ripoti ya kurasa mbili niliyoiona kuwa fasaha. Mwezi wa kwanza nilisimama kando ya pipa nikaona povu dogo dogo likipanda kutoka kwenye koili. Nikadhani ni magamba. Mwezi wa saba koili ilivuja.

Tulipoitoa ilikuwa imepoteza mng'ao wake wote, na mahali pengine ukuta wake ulibaki mwembamba kama karatasi ya daftari. Bolti zangu za aloi, zile zilizopongezwa, vichwa vyake vilivyokuwa ndani ya pipa vilikuwa vimeguguniwa zaidi kuliko koili yenyewe. Hazikukatika kwa sababu zilikuwa nene na zina nguvu ya ziada, lakini aliyekuwa na macho aliona kwamba aloi ililiwa upesi kuliko titani safi. Wakubwa waliniuliza maswali ambayo sikuwa na jawabu lake, nami nikakifunga kipande kimoja katika kitambaa nikakipeleka kwa mwalimu mmoja wa kemia aliyekuja mjini na Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa miaka miwili nyuma. Hakugusa darubini wala chupa. Aliniuliza tu, "Asidi yenu ya zamani ilikuwa na rangi gani, bwana?"

"Manjano," nikasema.

"Na hii mpya?"

"Nyeupe. Safi kabisa."

Akacheka mpaka akavua miwani. "Basi umemfukuza askari wa zamu," akasema.

Akanieleza kwamba titani, kwa asili yake, si madini yenye subira hata kidogo. Ni mwepesi wa kuungana na kila kitu, na linalomwokoa ni ngozi ya oksidi, nyembamba hata milioni moja zikipangwa pamoja hazifikii unene wa sentimita chache, ambayo hujifanya yenyewe mara tu madini yaonapo oksijeni, na ikikwaruzwa hujifanya tena kabla hujafuta mkono. Maadamu kilichomo nje kinatoa oksijeni au kinafanya kazi kama yake, ngozi hudumu, na ndiyo maana dawa yetu ya kupaushia, iliyokula stenlesi, kwa titani ilikuwa kama chakula. Asidi ya hidrokloriki iliyo safi na ya moto haina fadhila hiyo. Huiyeyusha ngozi wala haimpi titani cha kujishonea nyingine. Lakini manjano ile iliyonikera, na mate yale mekundu ya bomba, ilikuwa ni chuma kilichoyeyuka katika hali yake ya kutu, na akali yake tu ndani ya asidi yatosha kuishikilia ngozi isiondoke. Kutu, ambayo baba yangu aliipiga vita maisha yake yote, ilikuwa imeilinda koili yangu miaka minane, nami nikaitimua kwa ripoti ya kurasa mbili.

Baadaye nilisoma kwamba sikuwa peke yangu, na nakiri kwamba habari ile ilinifariji kuliko inavyostahili. Katika miaka ya 1960, kampuni ya Lockheed huko Marekani ilipokuwa ikiunda ile ndege nyeusi ya upelelezi ambayo karibu mwili wake wote ni titani, mafundi waliona kwamba vipande vilivyoundwa wakati wa kiangazi viliharibika mapema, na vya wakati wa baridi vilidumu. Uchunguzi ulionyesha kwamba vilioshwa kwa maji ya mji, na mji uliongeza klorini katika maji ya kiangazi. Watu waliohesabu nguvu ya kila rivo walishindwa na bomba la maji ya kunywa.

Yule mwalimu alinifundisha pia kwamba ipo titani iliyotiwa paladi, madini ya ukoo wa platini, kiasi cha asilimia 0.12 hadi 0.25 tu. Ukiipima kwa mzigo haizidi titani safi hata kilo moja, kwa hiyo kwenye jedwali la nguvu haina lolote la kujivunia. Lakini katika asidi na katika mianya ya gasketi, ambako maji ya chumvi ya moto hutuama na oksijeni huisha, yastahimili pale ambapo nduguye aanguka. Bei yake ni ya kutisha. Niliomba koili mpya iwe hiyo, nikakataliwa, na kwa insafu nasema kwamba walionikatalia walikuwa na haki: iliyohitajika ilikuwa koili ya kawaida na asidi ya manjano. Tulirudi huko, na bolti zikabaki za aloi, kwa kuwa bolti ni bolti.

Ningelikomea hapo lau si pikipiki. Mwaka 2019, nilipokuwa na umri wa miaka 64, sawa kabisa na jina la kale la mji, nilivuka barabara ya Uganda nikitazama upande mmoja, na bodaboda ikaja kwa upande wa pili. Mfupa wa paja ulivunjika katikati. Siku ya pili hospitalini akaja daktari wa mifupa, binti wa rika la mwanangu wa kwanza, akiwa na picha ya eksirei mkononi, akaniambia, "Mzee, tutakutilia chuma ndani ya mfupa," na kwa kuwa alisikia kwamba nilikuwa fundi akaniletea misumari miwili niione, mrefu kila mmoja kama fimbo ya mwalimu wa Kurani, mmoja wa stenlesi na mmoja wa aloi ya titani, wa pili ukiwa na bei ya juu.

Nilivyo, hata maumivu hayakunizuia kuuliza ni aloi gani. Ilikuwa ile ile ya bolti zangu. Nikamwambia kwamba aloi hiyo niliiona ikiliwa, na kwamba lau ni shauri langu ningechagua titani safi. Alikaa ukingoni mwa kitanda. "Mzee," akasema, "humo ndani hamna asidi ya kusafishia. Mna maji ya chumvi, tena hafifu kuliko bahari yenu, na joto lake halibadiliki. Hayo aloi hii haiyaogopi. Inachoogopa ni miguu yako: kila hatua ni mzigo, na kwa siku utapiga hatua maelfu."

Nilinyamaza, maana alikuwa amenirudishia swali langu la mwaka 1978, nalo safari hii lilikuwa swali sahihi. Titani safi ingejipinda kabla mfupa haujaunga. Nikauliza basi kwa nini isiwe stenlesi, ambayo nayo ina nguvu na ni rahisi. Akanieleza kwamba stenlesi imeponya watu wengi na wala haidharau, ila ni ngumu mno. Ugumu wake wa kupindika ni karibu mara mbili ya ule wa titani, na titani yenyewe ni kama mara tano au sita ya mfupa. Msumari ukibeba kila kitu, mfupa huona hauna kazi, ukakonda kama mtumishi asiyetumwa. Aliongeza jambo moja la kunitahadharisha, kwamba titani na mfupa hupendana kupita kiasi: mfupa huikumbatia, na skrubu zake huweza kugandamana, hata kuitoa baadaye huwa ni taabu. Hilo la kugandamana nililijua kuliko yeye, nikamwambia hivyo, akacheka.

Mwanangu alilipa tofauti ya bei. Nilitembea kwa mikongojo miezi minne.

Nilipopata nafuu nilishuka Mombasa kuwatazama jamaa, na siku moja tukapita Kwale, ambako mchanga wenye titani ulichimbwa tangu mwaka 2013 hadi Desemba 2024, ukipakiwa melini Likoni kwenda ng'ambo. Binamu yangu aliniuliza kama ule wa pajani umetoka hapo. Nikamweleza kwamba sehemu kubwa kabisa ya mchanga kama huo duniani haigeuzwi kuwa madini, bali husafishwa kwa kemikali ukawa unga mweupe wa rangi za ukutani. Na kwamba kuitenga titani na oksijeni ni kazi ghali hata njia yake kuu, aliyoivumbua William Kroll wa Luxembourg, ilipata hataza mwaka 1940 tu, ilhali titani ilikuwa imejulikana tangu mwaka 1791. Alitazama vilima vya mchanga, kisha mguu wangu, akasema kwamba kwa bei ile angebaki na rangi ya ukuta.

Mwaka jana, wakati wa uchunguzi, yule daktari aliniuliza kama nataka msumari utolewe, kwa kuwa mfupa umeunga zamani na huenda baridi ya Julai ikinipiga naumia. Nilimwuliza hali yake ikoje. Aliinua picha kwenye taa, akaitazama kutoka nyongani hadi gotini, akasema hauna hata doa. Nikamwambia auache.